Deheni ya Mtaroni

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, iliyotiwa saini nchini Kenya mwaka 2022, inamtaka kila mwenye biashara agawe taka zake mafungu mawili: zinazooza na zisizooza. Kwa karani mwenye fomu mkononi mafungu mawili yanatosha. Kwa mama anayepika katika kibanda cha Kisumu Ndogo, Kibera, hayatoshi hata kwa asubuhi moja. Alfajiri anapofungua mlango anakuta ugali uliolala, ukoko ulioshika sufuria, maganda ya viazi, magamba na matumbo ya samaki, mafuta ya jana yaliyotulia kwenye karai, na beseni la maji ya vyombo lililofanya utando. Kila kimoja ana pa kukipeleka, na karibu kila kimoja kina jina lake. Nimeyapenda majina haya tangu nilipoanza kufungua kamusi, na ninaamini kwamba anayetaka mikahawa na vibanda vyetu vishike sheria ya taka za jikoni aanze na majina hayo kabla hajachapisha fomu.

Tuanze na chakula chenyewe. Makombo ni kilichobaki baada ya watu kula, na ndani yake kuna kitenzi komba, yaani kukwangua chungu mpaka kisibaki kitu. Mkono wa mlaji umekwisha kupita hapo. Masazo ni jambo jingine: yametokana na kusaza, na anayesaza hubakiza kwa hiari, labda kwa ajili ya mtoto ambaye hajarudi. Kiporo huhesabiwa kwa saa. Ni chakula kilichopikwa jana kikalala. Kamusi zina mwiku na bariyo kwa maana iyo hiyo ya chakula cha usiku kinacholiwa asubuhi. Watanzania wamekipenda kiporo hata mechi ya ligi iliyoahirishwa wakaiita kiporo, maana ingali italiwa. Ukoko ni tabaka lililoungua chini ya sufuria, na kuna nyumba ambamo watoto huugombania. Machicha ni nazi iliyokwisha kukamuliwa tui. Mashudu ni mbegu zilizokwisha kukamuliwa mafuta. Pumba, wishwa, chenga na makapi vyote hutoka kwenye nafaka, na huwezi kumuuzia mfugaji wa kuku kimoja kwa jina la kingine asikushike uongo.

Ukiyatazama maneno haya kwa pamoja utaona kwamba hakuna hata moja linalosema kitu kimeharibika. Kila moja linasema kitu kilibaki vipi, na kwa hiyo linadokeza nani anafuata kukipokea. Masazo yanamngoja mtu, ukoko unamngoja mtoto, pumba zinamngoja kuku, mashudu yanamngoja ng'ombe. Neno taka linaikata safari hiyo. Kitu kikishaitwa taka hakina mwenyewe wala mpokeaji, kimebakiwa na swali moja tu, la mahali pa kukitupia. Jijini Nairobi jibu la swali hilo limekuwa Dandora tangu miaka ya 1970, jaa ambalo limepita uwezo wake zamani na bado linapokea. Kwenye vichochoro vya Kibera, ambako lori la taka halipiti, jibu ni mtaro ulio mbele ya mlango.

Kisumu Ndogo wanalijua jambo hili kwa upande wa samaki. Jina lenyewe, na Korogocho nayo ina Kisumu Ndogo yake, linaeleza wengi wa wakazi walitoka wapi, na chakula cha kwao kimewafuata. Jioni njia hunukia omena, ngege na mbuta. Mbuta, ambaye Tanzania humwita sangara, aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, akageuka bidhaa ya kimataifa. Viwanda humkata minofu ikasafirishwa ng'ambo, kikabaki kiunzi: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na vinyama vilivyong'ang'ania mfupani. Katika hesabu za kiwanda, kiunzi hicho ni kibaki cha uzalishaji. Wanawake wa Obunga, mtaa wa kimaskini wa jiji la Kisumu, walikichukua, wakakikaanga, wakakiuza, na kikapata jina: mgongo wazi. Mwanza kiliitwa mapanki, na filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ikakionyesha dunia nzima kama alama ya dhuluma. Rais Jakaya Kikwete aliilaumu filamu hiyo hadharani mwaka 2006.

Kuhusu dhuluma hiyo Sauper hakukosea: minofu ilipanda ndege, mifupa ikabaki na watu. Lakini jina mgongo wazi lina uadilifu ambao kamera haikuuona. Linamwambia mnunuzi hasa anachonunua. Hakuna anayekwenda kwa muuzaji wa mgongo wazi akitarajia mnofu, na muuzaji hana haja ya kudanganya. Kitu ambacho kingeoza kwenye shimo nyuma ya kiwanda kimepata bei, mpishi na mlaji, na kazi hiyo ilikamilika siku kilipopewa jina ambalo watu wangeweza kuliita sokoni bila aibu.

Hata hivyo majina ya watu yasipambwe kupita kiasi. Kuna mahali ambapo sheria inajua jambo ambalo neno la mtaani halijalibeba. Makombo ya mikahawa hukusanywa kwenye ndoo yakalishwa nguruwe, na ni matumizi mazuri ya chakula kilichobaki, ila homa ya nguruwe ya Afrika ipo Kenya siku zote. Ni humu humu Kenya ambamo ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza, katika andiko la Montgomery la mwaka 1921. Hauna tiba. Virusi vyake hudumu ndani ya nyama ya nguruwe isiyoiva barabara, kwa hiyo ndoo moja yenye vipande vya soseji inaweza kufyeka zizi zima. Kinga ni kuyachemsha makombo kabla ya kuyalisha. Sasa, kwa Kiswahili, chakula kilichopikwa kikaliwa hakiwezi kuitwa kibichi, na hapo ndipo lugha inapomponza mfugaji: anaona wali na nyama vilivyoiva, haoni cha kuchemsha tena. Ningependa mabwana afya na maafisa wa mifugo waseme waziwazi makombo mabichi na makombo yaliyochemshwa. Litashtua sikio mara ya kwanza, na mshtuko huo ndio unaotakiwa, kwa sababu kilichoiva kwa mtu bado ni kibichi kwa nguruwe.

Sasa mafuta, ambayo ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Kiswahili, chenye majina mengi hivyo ya kilichobaki kwenye nafaka, kimeyabebesha mafuta neno moja. Ya taa ni mafuta, ya gari ni mafuta, ya kupaka ni mafuta, ya kukaangia ni mafuta. Samli na siagi zina majina yao kwa kuwa zinatoka kwenye maziwa, na shahamu ni ya mnyama. Kwingineko tunaongeza tu "ya" na kuendelea. Maduka ya Kibera yamejitafutia njia. Mafuta ya maji huitwa salad, na mtu husema anataka salad ya kupimiwa, akatoa kikombe chake na sarafu zake. Yaliyoganda huitishwa kwa jina la kampuni. Huo ndio uchumi wa kadogo: unanunua kinachotosha chakula cha usiku mmoja.

Anayenunua kwa kupimiwa haoni chupa wala kibandiko, na hapo hatari huingia kimyakimya. Kampuni ya umeme ya Kenya imelalamikia kwa miaka mingi wizi wa mafuta ya transfoma, na vyombo vya habari vimeripoti tena na tena madai kwamba baadhi yake huishia kwenye karai za vibanzi kwa kuwa hayaishi upesi motoni. Mafuta yale yalitengenezwa kupooza mitambo, na katika transfoma za zamani huweza kuwa na kemikali zinazohusishwa na saratani. China ilikuwa na janga la namna yake: mafuta yaliyozolewa mitaroni nyuma ya mikahawa, yakachujwa na kurudishwa sokoni, na polisi wakawakamata wafanyabiashara wake kwa makundi mwaka 2011. Wachina huyaita digou you, mafuta ya mtaroni. Mafuta ya transfoma na mafuta ya mtaroni ni majina yanayofanya kazi ya mlinzi: yanataja bidhaa ilikotoka, na anayeyasikia anajua kilicho mbele yake.

Kati ya mafuta mapya dukani na mafuta ya mtaroni kuna hatua moja ambayo hatujaipa jina, nayo ndiyo hatua ambayo mpishi anaweza kuitawala. Ni pale mafuta yaliyo katika karai yanapokwisha kazi. Kila yanapopashwa moto yanavunjika kidogo: rangi inakoza kuelekea weusi, yanaanza kutoa moshi kabla ya wakati wake, yanatoka povu ambalo halitulii, yananata kwenye kijiko, na samaki anatoka akiwa ameyanyonya badala ya kukauka. Ufaransa na Ujerumani hupima uchakavu huo kwa asilimia ya viambato vinavyozalishwa na kukaanga, na yakifika kama robo hivi mafuta hayaruhusiwi tena. Kibanda hakina kipimo hicho, lakini mpishi ana macho na pua, na dalili nilizozitaja anazijua kuliko mkaguzi. Asichokuwa nacho ni neno la kumwambia msaidizi wake, na la kumwambia mnunuzi wa mafuta yaliyokwisha.

Mimi ningesema mafuta chakavu. Tunalo tayari neno chakavu kwenye vyuma, na popote Afrika Mashariki anayesikia vyuma chakavu anamwona moja kwa moja mtu mwenye mkokoteni na mizani. Chakavu ni kitu kilichochoka kwa kazi ya kwanza na kina bei kwa kazi ya pili. Mafuta ya kukaangia yaliyochoka hutengenezwa sabuni, na kwingineko duniani hununuliwa kwa tani yakageuzwa mafuta ya kuendeshea magari ya dizeli. Mgahawa mkubwa wa Ngong Road unaweza kumpata mnunuzi wake. Vibanda kumi vya njia moja ya Kisumu Ndogo vinaweza kukusanya mtungi mmoja wa lita 20 kwa pamoja, na mtungi huo ukiitwa kwa jina linaloahidi bei hautamwagwa.

Lakini sehemu kubwa ya mafuta ya jikoni haifiki mtungini kamwe. Inashika sahani, mwiko, sufuria na mikono, inaingia kwenye maji ya vyombo, na maji hayo humwagwa. Hapo tunafika kwenye kitu ambacho wahandisi wa majitaka wa dunia nzima wanakichukia, na ambacho kwa Kiswahili kimekuwa kikizungukwa kwa sentensi nzima: yale mafuta yaliyoganda yakawa magumu ndani ya bomba.

Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel mjini London, waligundua donge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Kipande chake kiliwekwa katika jumba la makumbusho la jiji mwaka uliofuata, watu wakapanga foleni kukitazama. Waingereza walikiundia jina kwa kuunganisha neno lao la mafuta na lile la siwa barafu, na jina likawapendeza. Kwetu halitufai. Mtu wa Kisumu Ndogo hajapata kuona siwa barafu, na donge lake halijifichi chini ya lami; liko wazi mtaroni, limeshikana na majani ya sukuma wiki, nywele na vipande vya plastiki.

Donge hilo ni nini hasa? Watu wengi hudhani ni mafuta yaliyopoa tu, kama yanavyoganda asubuhi kwenye karai. Lingekuwa hivyo, ndoo ya maji ya moto ingeliondoa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, walieleza kwamba kinachotokea ni kemia ya sabuni. Mafuta yaliyovunjwa na moto na maji hutoa asidi zake, asidi hizo zikakutana na kalsiamu, ikiwemo inayotoka kwenye saruji ya mabomba yenyewe, na vikaungana. Sabuni tunayofulia ina sodiamu, nayo huyeyuka majini. Sabuni ya kalsiamu haiyeyuki. Inakaa palepale, inagandamana, inakuwa ngumu kama chokaa yenye mafuta ndani yake.

Chokaa na mafuta. Nilipoyasoma maelezo hayo nilishtuka, kwa sababu Kiswahili kina jina la mchanganyiko huo, na jina hilo ni la kale. Linaitwa deheni.

Deheni ni chokaa iliyopondwa pamoja na shahamu au mafuta, ikapakwa sehemu ya chini ya chombo cha baharini ili maji yasipenye na wadudu wasitoboe mbao. Neno limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa mafuta na kupaka, na kazi imefanywa kwa karne nyingi kuanzia Ghuba hadi Kilwa. Jahazi huvutwa pwani maji yanapokupwa, likaegemezwa, likakwanguliwa, na mafundi wakalipaka kwa mikono. Ubavu wa juu hupakwa sifa, mafuta ya papa yanayonuka vikali. Chini hupakwa deheni. Hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba mafuta peke yake yangeoshwa na mawimbi, na chokaa peke yake ingebanduka, na kwamba viwili vikipatana hupatikana kitu cha tatu ambacho bahari haikiyeyushi. Kitu hicho cha tatu ni kilekile kilicho mtaroni. Kwenye mbao za jahazi kinazuia maji yasiingie, na kwenye bomba kinazuia maji yasipite.

Hapa namkumbuka Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu. Alitumia maisha yake kuhifadhi msamiati wa mafundi kabla haujazikwa pamoja nao. Utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, ni hazina ya maneno ya ujenzi wa vyombo vya Lamu, na Umbuji wa Mnazi wa mwaka 1985 unaupitia mnazi hatua kwa hatua, ukitaja jina na matumizi ya kila sehemu. Anayesoma kitabu hicho cha pili anaona jamii ambayo ilikuwa na mti mzima usio na taka. Na ni Nabhany huyohuyo anayetajwa kuwa mwasisi wa neno runinga, ambalo leo husikika katika kila taarifa ya habari ya Kenya. Njia yake ilikuwa kupekua kwanza maghala ya lahaja kabla ya kwenda kukopa nje. Deheni imo katika ghala hilo.

Najua hoja zitakazotolewa. Ya kwanza itatoka pwani: deheni ni kitu cha heshima, kazi ya mafundi, mbona unaitupa mtaroni? Ninajibu kwamba sijaitupa mimi. Kemia ndiyo iliyoikuta huko. Ya pili itatoka Kibera yenyewe: neno la Lamu litamfaa nini mama wa Kijaluo aliyezaliwa Nyanza, ambaye lugha yake ya jikoni ni Dholuo na ya sokoni ni Sheng? Hii ni hoja nzito zaidi. Jibu langu ni kwamba hakuna neno lingine lililokaa mahali hapo tayari, ambalo deheni ingelinyang'anya kiti. Zaidi ya hapo, deheni inaeleza sababu, na mafuta yaliyoganda hayaelezi. Anayeambiwa mafuta yameganda atachemsha maji ya moto, amwage, aone yametoweka, kumbe yamehamia mbele kidogo kwa jirani na kuganda huko. Anayeambiwa hii ni deheni, mafuta yaliyooana na chokaa, ataelewa kwamba maji ya moto hayatamfaa na kwamba kazi ni kuyazuia mafuta yasifike. Na atauliza chokaa inatoka wapi. Jikoni kwake inatoka kwenye majivu, maana majivu ya kuni yana kalsiamu nyingi. Akiyatumia kusugulia sufuria yenye mafuta kisha akamwaga vyote pamoja na maji, anaichanganya deheni kwa mkono wake. Akiyanyunyiza makavu, yakanyonya mafuta, akayapangusa na kuyaweka kando, amefanya jambo bora kuliko yote yaliyomo katika miongozo ya mikahawa ya nchi tajiri, ambayo hurudia bila kuchoka amri moja: kwangua na upanguse kabla ya kuosha.

Lipo pia sanduku. Sheria za miji mingi duniani huutaka mgahawa uweke kati ya sinki na bomba la majitaka kisanduku ambacho mafundi wetu wa mabomba hukiita grisi-trapu. Kinafanya kazi kwa njia rahisi ajabu. Maji yanaingia, yanatulizwa na kizuizi, yanapoa. Mafuta yanapanda juu, mashapo yanazama chini, na maji ya katikati yanatoka kwa bomba lililoinamishwa chini ya uso. Hakuna kichujio wala mashine. Muda na utulivu ndivyo vinavyotenganisha.

Wengine wamelitafsiri jina hilo kuwa mtego wa mafuta, na wengine wangesema kinasa mafuta kwa kufuata kinasa sauti. Yote mawili yanaeleweka, na yote mawili yananitia hofu, kwa sababu yanamaliza hadithi mapema. Mtego ukishanasa umekwisha kazi. Sanduku hili likishanasa ndipo kazi ya mtu inapoanza: tabaka la juu lisipotolewa kila baada ya muda, mafuta hujaa, maji hukosa nafasi ya kutulia, na kila kitu hupita kama vile sanduku halipo. Mikahawa mingi duniani hununua sanduku ili ipate leseni, ikalisahau chini ya sinki mpaka harufu iwakumbushe wateja.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo, na ni kizuri: kuengua. Mpishi huengua povu la nyama inayochemka, huengua mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi. Ni kutoa cha juu kwa uangalifu bila kukoroga cha chini. Kifaa cha kuengulia ni kienguo. Ningeliita sanduku lile kienguo cha mafuta, kwa kuwa jina hilo lina kitenzi ndani yake na kitenzi kinamdai mtu. Mwenye kienguo ataulizwa swali moja ambalo mwenye mtego haulizwi: umeengua lini? Na kienguo hakihitaji chuma cha pua wala fundi wa kutoka mjini. Ndoo mbili zenye mifuniko na kipande cha bomba kilichopindwa zinatosha kibanda cha samaki, mradi maji yapewe nafasi ya kupoa na mkono wa kuengua upatikane.

Nayasema haya nikijua ni nani hasa anayetafsiri sheria nchini mwetu. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini kanuni za maji na taka zimeandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri wake ni bwana afya, amesimama mlangoni, daftari kwapani, akitafuta neno papo hapo. Akikosa neno anataja kifaa, na mama anasikia bei. Akisema grisi-trapu, mama anasikia gharama nyingine juu ya kodi, leseni na cheti cha afya. Akisema usimwage mafuta mtaroni yakawa deheni, engua kwanza, mama anasikia jambo analoweza kulifanya leo. Serikali ya Kaunti ya Nairobi inaweza kumpa ofisa wake ukurasa mmoja wa istilahi bila kusubiri bajeti ya mwaka ujao.

Lipo neno moja katika kanuni hizo ambalo ukurasa wa istilahi hauwezi kulitibu. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kiwango cha mafuta katika maji yanayotoka kwenye biashara. Maji yakienda kwenye bomba la majitaka la umma, kiwango kilikuwa miligramu 10 kwa lita panapotumika mtambo wa kawaida wa kusafishia, na miligramu 5 safari inapoishia kwenye mabwawa, kama yale ya Ruai yanayopokea majitaka mengi ya Nairobi. Maji yakienda moja kwa moja kwenye mazingira, mahali pa tarakimu paliandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya hakuna.

Kwa kanuni hizo, mgahawa wa Ngong Road una bomba, kwa hiyo unaruhusiwa miligramu zake chache. Kibanda cha Kisumu Ndogo hakina bomba. Maji yake huingia mtaroni, mtaro huingia mto Motoine, mto unakwenda kwenye Bwawa la Nairobi ambalo lilifunikwa na gugu maji, na vyote hivyo kisheria ni mazingira. Hakuna kienguo kinachotoa maji yasiyo na chembe ya mafuta. Mama anayekwangua sahani, anayepangusa kwa majivu, anayeengua kila jioni na kuuza mafuta chakavu yake kwa lita, amepunguza madhara yake kuliko mkahawa wenye sanduku lililosahauliwa, na bado yeye ndiye aliye kosani, kwa sababu amepangishwa chumba katika mtaa usiochimbiwa bomba.

Ndiyo maana ninataka kanuni ya vibanda iandikwe kwa vitenzi mpaka bomba lifike: kwangua, pangusa, engua, peleka. Vitatu vya kwanza viko mikononi mwa mpishi, na ninaamini atavitimiza akielezwa kwa lugha yake. Cha nne kinahitaji mtu wa pili. Akiwa na ndoo ya mafuta aliyoyaengua, yenye kifuniko, mbele ya mlango wake, atamuuliza bwana afya aipeleke wapi, siku gani, na ni nani atakayeipokea. Kaunti inapaswa kuwa na jibu kabla ya kumtuma bwana afya mlangoni.